Idd ya Sabaha Bila Ngano

Mbaruku alipoleta mkate nyumbani, kijiji kizima cha Naipingo kilijua. Aliendesha trekta kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Nachingwea. Kila mwisho wa juma alipita dukani mjini, akarudi na mkate na unga wa ngano. Mkate aliufunga nyuma ya baiskeli, wazi kabisa. Mkewe, Biasha, alijua sababu. Mkate uliofunikwa jirani hauoni.

"Muhogo tumekula tangu enzi za babu," Mbaruku alisema. "Mwanangu atakula kama watoto wa wakubwa."

Mwana mwenyewe alikuwa Sabaha, binti wa miaka sita. Tumbo lake lilivimba, miguu ikawa myembamba. Aliharisha leo, akapona kesho, akaharisha tena. Wenzake wa rika moja walimpita kimo. Biasha alipomwona anadhoofika, alimzidishia mkate. Hata uji alimpikia wa ngano. Mgonjwa haulizwi uji, na Biasha hakuuliza. Wazima walikula ugali wa muhogo, mgonjwa akapewa kilicho bora.

Msimu wa mavuno, Sabaha alipelekwa Nkowe kwa bibi yake. Alirudi mashavu yamejaa, anakimbia. Biasha alifurahi mno, akamkatia kipande kinene cha mkate cha kumpokea. Haukupita muda, tumbo likaanza tena.

"Nyumba hii ina mkono wa mtu," Mbaruku alisema. "Kwa bibi yake anapona, hapa anaugua. Kikulacho ki nguoni mwako. Tuhame."

Biasha aliogopa. Aliogopa kuhama, lakini zaidi aliogopa kumzika mwanawe. Asubuhi alimbeba mgongoni akaenda naye hospitali ya mjini.

Daktari alimpima Sabaha malaria na minyoo. Hakuona kitu. Biasha akaeleza jinsi mtoto alivyopona kwa bibi yake, akaugua tena aliporudi. Nesi aliyeitwa Valentina, mwenyeji wa huko huko, akavuta kiti karibu na Biasha.

"Mama, kwa bibi yake mtoto alikula nini?"

"Sista, unaniaibisha. Kule ni shamba. Ugali wa mtama, ugali wa muhogo, kunde, kisamvu."

"Na mkate?"

"Mkate wataupata wapi?"

Valentina aliinuka, akaenda kuzungumza na daktari. Walizungumza kwa muda. Aliporudi, uso wake ulikuwa umechangamka.

"Sikiliza, mama. Ngano ni chakula kizuri. Mimi naila, na mumeo anaila. Lakini wapo watu wachache ambao matumbo yao hayapatani nayo. Katika ngano kuna kitu kinachofanya unga unate. Kitu hicho kinauumiza utumbo wa mtu kama Sabaha. Utumbo ulioumia haufyonzi chakula. Mtoto anakula, mwili haupati."

Biasha alishika mdomo. "Basi nimemdhuru kwa mkono wangu."

"Ulimpa kizuri ulichokijua. Hata Ulaya madaktari wamelijua jambo hili juzi juzi tu."

"Dawa yake ni ipi?"

"Dawa ni chakula. Ngano basi, na shayiri pia. Siyo kwa mwezi mmoja, ni maisha yake yote. Na mtamleta hapa tumwangalie."

"Sasa atakula nini, sista?"

Valentina alicheka. "Shambani kwako mna nini?"

Biasha alianza taratibu. Mahindi, mtama, muhogo. Halafu sauti ikapanda. Mpunga kidogo bondeni. Kunde, mbaazi, karanga, ufuta, korosho. Kuku wawili watatu, mapapai nyuma ya nyumba.

"Vyote hivyo ni vyake," Valentina alisema. "Ila ugali peke yake haujengi mwili. Mtilie karanga kwenye mboga. Mpe kunde, yai, samaki ukipata, majani na matunda."

Biasha alirudi nyumbani akitembea upesi kama mwenye habari ya harusi. Mbaruku alisikiliza, akanuna. Mkate ulikuwa fahari yake. Lakini alimtazama Sabaha, akaugawa kwa majirani mkate uliokuwamo ndani. Uji wa Sabaha sasa ulikuwa wa mtama wenye karanga za kusaga. Kuharisha kukakoma. Akaanza kuomba aongezewe chakula, na mama yake akatokwa na machozi ya furaha.

Kisha Ramadhani ikaingia, na tumbo likavimba upya.

Biasha alikimbilia kwa Valentina. "Sista, ngano haijaingia kwangu. Naapa."

"Jioni anakula nini?"

"Uji, muhogo wa nazi. Na tambi za jirani yangu Swaumu. Anatuletea bakuli kila futari. Anazinunua dukani."

"Mama, tambi ni unga wa nini?"

Biasha hakujua. Tambi alizijua zikiwa tayari kwenye pakiti.

"Ni ngano," Valentina alisema. "Imekandwa, ikakaushwa. Na maandazi, chapati na biskuti ni hivyo hivyo. Hata kitumbua cha mchele, kikikaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia maandazi, kinabeba ngano."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kukataa sahani ya futari ni kumkataa aliyeileta. Biasha alikwenda kwa Swaumu, akamweleza kila kitu. Swaumu alimkazia macho.

"Mama Sabaha, umeniacha nimdhuru mtoto nisijue? Ungeniambia mapema."

"Niliogopa utakasirika."

"Nimekasirika. Na wengine wataambiwa na mimi."

Swaumu alipochukua jambo, jambo hilo lilifika. Kabla ya siku kwisha, hakuna mwanamke wa karibu ambaye hakujua.

Asubuhi ya Idd, nyumba ya Biasha ilijaa sahani. Vitumbua vya mchele, kashata za ufuta, muhogo wa kukaanga, wali wa nazi. Swaumu aliingia wa mwisho, kichwa juu.

"Mchele nimetwanga mwenyewe. Kinu nimekiosha. Mafuta ni mapya, na chuma cha vitumbua hakijawahi kuona ngano. Mtoto ale."

Sabaha alikula mpaka mafuta yakamfika kwenye viwiko. Siku zile tumbo lilikuwa limeshatulia tena. Sasa alikuwa na nguvu, akataka kutembea na wenzake kuwapa watu mkono wa Idd, lakini baba yake alimwita kwanza. Waende mjini, wakamsalimie nesi Valentina, wampelekee vitumbua.

Mbaruku alitoa baiskeli. Pale nyuma, alipozoea kufunga mkate, alimkalisha Sabaha na gauni lake jipya. Alipita naye njia ndefu, polepole, mbele ya kila nyumba.