Noti Zisizokauka

Dagaa wa Melania walikuwa wamekauka kabisa pale ufukweni Kibirizi, lakini noti aliyoikuta katikati yao ilikuwa ikichuruzika maji. Ilikuwa faranga ya Burundi. Akaikamua, akaianika juu ya jiwe, akaenda kugeuza dagaa wengine. Aliporudi, jiwe lilikuwa halishikiki kwa joto, na noti bado mbichi.

Mwingine angeitupa. Melania alisema pesa ni pesa, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Nyumbani kwake Bangwe noti zikazidi. Moja ndani ya unga, nyingine chini ya mto, nyingine kwenye kiatu cha mumewe Nikodemu, mwenye boti. Zote zilinuka sabuni ya kipande. Kisha binti yao mchanga, Diana, akaanza kukohoa, na kila akikohoa alitema maji yenye mchanga wa ziwani. Hospitali walimpima mapafu, wakasema ni makavu. Mtoto akanyauka mbele ya macho yao, na Nikodemu kila akiona noti aligeuza uso.

Mchana mmoja Melania alikuwa amempakata mtoto aliposikia uani viganja vikisuguana ndani ya maji, taratibu, kama mtu anayenawa, kisha nyayo za maji zikajichora sakafuni bila mwenye nyayo, zikavuka kizingiti, zikaja hadi kitandani, na mkono wa baridi asiouona ukafungua kiganja chake, ukaweka noti, ukamkunja vidole kimoja kimoja, kwa upole wa mtu anayeomba, na sauti ya bibi kizee ikamsihi sikioni kwa Kirundi, "Ndakwinginze, mwana wanje. Nipakie."

Nikodemu aliporudi alimkuta mkewe bado ameifumba ile noti kiganjani.

"Baba Diana," Melania alisema kwa sauti ya chini, "huyu bibi anayeomba kupakiwa ni nani?"

Nikodemu akakaa chini. Akavua kofia.

"Wakati ule watu wanakimbia vita Burundi," alianza, "wenye boti tulikubaliana noti zao tusichukue. Nani angezipokea huku? Tukataka dhahabu tu. Akaja bibi mmoja, Astérie, na mjukuu wake Ella. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wote, ana mkoba umejaa noti. Masikini, ng'ombe wamemgeukia karatasi! Dhahabu alikuwa na pete tu, nayo imekwama kidoleni. Akanawa kwa sabuni ziwani mpaka ikatoka na ngozi. Pete moja, nafasi moja. Nikampakia mtoto."

"Na bibi?"

"Alinishikisha zile noti. Nilizishika, mama Diana. Kisha nikazitupa majini, nikawasha injini. Akatufuata kwa miguu. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani..."

Kila mtu wa ziwa anajua: ukishashika nauli ya mtu, mtu huyo ni wako mpaka ashuke. Na ile pete, Mungu wangu, walikuwa wameifukia chini ya kitanda kama akiba ya siku mbaya.

Wakaifukua, wakaipeleka Ujiji kwa Shehe Mrisho. Shehe akafukiza ubani, akasoma mpaka jasho likamtoka. Mwishowe akaisukuma pete kando.

"Hii imeshafanya kazi yake, ilimvusha mtoto. Kinachowatesa ni noti. Huyu si wa kufukuzwa kwa kisomo, Nikodemu. Ni abiria wako. Kusanya noti zake zote, uende ukamchukue pale ulipomwacha."

"Lakini shehe, yule ni marehemu!"

"Ulimuuliza hali yake siku ile?"

Nikodemu akaondoka alfajiri, noti zote kifuani. Melania akambeba Diana mgongoni, akaenda Rusimbi, kwa ndugu waliompokea Ella. Msichana alikuwa ameshakua. Melania akamnyooshea pete, akamweleza yote huku analia.

Ella aliitazama, hakuipokea.

"Mimi hiyo ilinipatia nafasi," alisema. "Nyogokuru, bibi yangu, haikumpatia."

Hata hivyo akatwaa kanga mpya, akamfuata hadi ufukweni.

Boti ilikuja jua likielekea milima ya Kongo. Nikodemu alikuwa peke yake kwenye usukani, anabubujikwa machozi, lakini boti imelala upande mmoja kama iliyobeba mtu. Ella akaingia majini mpaka magotini, akaikunjua kanga, akaizungusha hewani penye ule upande mzito. Kanga haikuanguka. Ikajaa, ikalowa, ikaanza kuchuruzika.

Mgongoni mwa mama yake, Diana akavuta pumzi ndefu, kavu, akalala. Melania alitaka kushukuru, akashindwa. Moyo ulimuuma kupita kiasi.

Ella akapanda mchanga polepole, mkono wake mmoja ukiikumbatia ile kanga, akisimama kila mara ili bibi apumzike.