Pampu Iliyochomelewa Kifuniko

Ndugu zangu, katika upande huu wote wa Goweko hakuna mtu anayezijua pampu kunishinda mimi. Nimesema, na nitasema tena mbele ya yeyote. Ni kweli kwamba siku pekee niliyoshika spana niliizungusha nati upande wa kukaza huku nikijisifu kuwa naifungua, mpaka fundi Luhende akaninyang'anya akaniambia niende nikapike. Lakini hayo ni madogo. Nisikilizeni, kwa sababu habari ninayowaletea ni ya pampu, na ya nyumba moja iliyovunjika kwa ajili ya kifuniko chake.

Miaka ile ya Ujamaa, tulipokwisha kuhamia kijijini na kugawiwa viwanja, kisima chetu kilikuwa kile cha njia ya zamani ya misafara. Wapagazi wa pembe walikunywa hapo kabla babu zetu hawajaota ndevu. Juu yake mafundi wetu walikuwa wamejenga pampu ya mkono kwa vyuma vya kuokoteza: bomba lililokatika, mti wa jembe la ng'ombe, kipande cha fremu ya baiskeli. Ndani yake palikuwa na kipande cha ngozi ambacho mafundi walikiita ulimi. Ukibonyeza mpini, ulimi unafunguka na maji yanapanda. Ukiuachia, ulimi unafunga, maji hayarudi chini. Pampu nzima ilitegemea kipande hicho, kisichozidi kiganja cha mtoto.

Ngozi ya ulimi huo ilitoka kwenye mkoba mwekundu wa Tufaha. Tufaha ni mke wa Thuwaini mwenye duka, wa ukoo wa Waarabu wafanyabiashara wa Tabora mjini, na mkoba ule alikuja nao akiwa bibi harusi. Mafundi walikuwa wamejaribu raba ya tairi ikashindwa, wakajaribu ngozi ya mbuzi ikaoza. Tufaha aliwatazama wee, kisha akamimina vitu vyake kwenye pindo la kanga, akautupa mkoba juu ya benchi.

"Kateni," akasema. "Huku shamba nitaubeba kwenda wapi, kuwaonyesha ng'ombe?"

Tangu siku hiyo kila ulimi wa pampu yetu ulikuwa mwekundu.

Na palikuwa na desturi. Kila Jumamosi alasiri pampu ilifunguliwa mbele ya watu. Kifuniko kilikazwa kwa nati, na spana ilining'inia hapo hapo kwa waya; haikuwa ya mtu. Aliyebadilisha chochote wiki hiyo alifungua akasema, "Nimegusa hapa, nimefanya hivi, anayeona kosa aseme." Lo, walimsema! Luhende, fundi wa baiskeli, alikuwa na mdomo mkali kama ugoro wake. "Hii washa ya nati umeikata kwa meno?" Lakini matusi yakiisha kosa lilikuwa limeonekana, limerekebishwa, na aliyetaka kuiga alikwisha kuiga. Watu walitoka Ntalikwa, wengine mpaka Bukene kwa treni, wakalala kwetu, wakapima kwa kamba, wakaenda kujitengenezea zao. Hatukuwaomba chochote ila kwamba wasifunge kifuniko kwa namna ambayo mwingine hawezi kukifungua, na wakigundua jambo jema warudi watuambie.

Getruda aliipenda sana Jumamosi. Alikuwa mke wa Wenceslaus, fundi kijana kuliko wote na mwenye mikono mizuri kuliko wote. Alikaa na binti yao Maua katikati ya magoti, akimsuka, akimsikiliza mumewe akitukanwa na kutukana, na jioni walirudi nyumbani wananuka grisi na kucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa amani yao. Itazameni vizuri, maana haikudumu.

Wenceslaus alikwenda mjini kujifunza kuchomelea vyuma. Aliporudi alikuwa na miwani nyeusi shingoni na jina jipya. Mtu mmoja huko alikuwa amemwita Injinia, kwa utani nadhani, lakini yeye alilimeza jina zima bila kutafuna. Jumamosi iliyofuata Luhende alimkosoa kama zamani, mbele ya wageni wa Bukene, na wageni wakacheka. Mlangoni kwao Wenceslaus alimsimamisha mkewe.

"Mama Maua, nitafunuliwa mbele ya watu mpaka lini?"

"Hufunuliwi wewe, Baba Maua. Inafunuliwa pampu."

"Ni kitu kimoja."

Getruda alitaka kumcheka. Akamtazama usoni, akaona mumewe ameumia kweli, akamezea. Huruma ile ilimponza, kwa sababu tangu siku hiyo alianza kumtetea kwa kila jambo, hata lisilotetewa.

Wenceslaus akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akamwambia ataunda pampu mpya, nyepesi, isiyowahi kuonekana. Akapewa ruhusa. Aliibomoa ya zamani, akajenga uzio wa mabua, akafanya kazi ndani yake peke yake. Mguu wa pampu aliuzamisha kwenye zege lililofunika mdomo wote wa kisima, pasibaki hata tundu la kupitisha ndoo. Siku ya kuizindua tukakuta kifuniko hakina nati. Kilikuwa kimechomelewa pande zote.

"Sasa Jumamosi tutafunguaje?" Luhende akauliza.

"Hamtafungua. Ndani kuna springi niliyoibuni mwenyewe. Mkiikata ovyo itafyatuka, na kisima hiki hakitatoa maji tena."

"Na ulimi?" akauliza Tufaha.

"Hakuna ulimi humo. Mambo ya ulimi yamepitwa."

"Basi nirudishie mkoba wangu, Injinia."

Watu wakacheka, lakini mpini ulipobonyezwa maji yalitoka kwa wingi, na kwa wepesi ambao hatukuuzoea. Mwenyekiti akapiga makofi, nasi tukapiga. Hatukukumbuka kwamba kila kipya ni chepesi. Hata mimi nilikuwa mwepesi nilipokuwa mpya.

Spana ikabaki kwenye waya wake, ikaanza kuota kutu.

Siwezi kumsingizia Getruda kwamba hakufurahi. Wanawake walimpisha kwenye foleni. Walimwita mke wa Injinia, naye akajifunza kuitika bila kuona haya. Na watu wa Bukene walipomwita mumewe akawajengee pampu kama ile ile, alimsindikiza stesheni akiwa amevaa gauni la kanisani.

"Asiguse mtu," Wenceslaus alimwambia mguu wake mmoja ukiwa tayari kwenye behewa. "Hata ikisimama. Niahidi."

"Nimekuahidi, Baba Maua. Nenda salama."

Kiangazi kilipokaza, pampu ikasimama. Mpini ulipanda na kushuka kama mtu anayeitikia mazungumzo asiyoyasikiliza. Chini kabisa maji yalisikika yakipanda kidogo, kisha yakirudi, glug. Luhende akaja na msumeno wa chuma, mwenyekiti na sisi wengine nyuma yake. Akamkuta Getruda amekalia kifuniko. Sisemi kwa mfano. Alikuwa ametandika kanga akakikalia, na Maua pembeni yake.

"Mama Maua, ondoka hapo."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ondoka hapo. Hayo maji yanapanda yanarudi, nayasikia. Huo ni ulimi haufungi."

"Mwenyewe alishasema hakuna ulimi."

"Mwenyewe yuko Bukene, na kiu iko hapa!"

"Basi kata. Kata, halafu kisima kikifa uwaeleze watu wewe. Wewe ulimwonea wivu tangu siku ya kwanza, nani asiyejua?"

Luhende alimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Nasi wengine, ambao tulikuwa na midomo ya kutosha siku za Jumamosi, tulinyamaza, maana hakuna aliyetaka kuitwa muuaji wa kisima. Luhende akaweka msumeno begani akaenda zake.

Kijiji kikaanza kuchota kwenye dimbwi la mbugani, lile ambalo ng'ombe husimama ndani yake. Getruda naye alichota huko. Siku za mwanzo aliyachemsha maji. Kuni zikapungua, uchovu ukazidi, akawa anayachuja kwa kitambaa tu. Akamtumia mumewe habari kwa mtu wa treni. Jibu likarudi kwa mtu huyo huyo: "Nitakuja na springi nyingine. Wasiguse." Getruda aliwatangazia watu jibu hilo kisimani kwa sauti kubwa. Nyumbani alijiuliza kwa nini halikumtoa wasiwasi.

Ugonjwa wa kuhara na kutapika ulianza kwa kikongwe mmoja wa mwisho wa kijiji. Kisha watoto.

Maua aliamka asubuhi akamsalimia mama yake kwa Kinyamwezi, kama bibi yake alivyomfundisha: "Mwangaluka, mayo." Kabla ya adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imekunjana. Luhende aliwapakia kwenye baiskeli yake, akaisukuma mpaka zahanati akikimbia, mzee yule. Mganga alimfunua mtoto, akauliza, "Anakunywa maji ya wapi?" Maua mwenyewe ndiye aliyezungumza. Alisema, "Maji." Akasema tena. Walimpa kwa kijiko, yakatoka. Alikufa akiwa bado anaomba.

Wakarudi vile vile, mama amekaa nyuma ya baiskeli, amembeba mwanawe ndani ya kanga ile aliyokuwa ameitandika juu ya kifuniko.

Wenceslaus alifika tumekwisha zika. Alilia, na nasema kweli, alilia kilio cha baba. Alijitupa juu ya udongo tukamwinua. Lakini matanga yalipoanuliwa na watu wakamwomba afungue pampu, kwani watoto wengine walikuwa bado kwenye mikeka, alijifuta uso akasema, "Nitaitengeneza. Nileteeni mabua kwanza nizungushe uzio."

Getruda alikuwa anaosha sufuria za msiba. Neno lile uzio lilimfikia akaiacha sufuria. Alikwenda kwa Luhende, akauchukua msumeno ukutani bila kuomba, akaja kisimani akaanza kukata.

"Mama Maua, unafanya nini? Itafyatuka!"

"Ifyatuke."

"Kisima kitakufa!"

"Kimekwisha kufa, Baba Maua. Kilikufa na mwanangu kule zahanati."

Alikata upande mmoja, mikono ikatoka malengelenge. Luhende akampokea upande wa pili. Tufaha akashika wa tatu huku kanga yake ameifunga kiunoni, akipumua kama mfua chuma. Wenceslaus alizunguka pampu akiongea. Alieleza habari za springi, jinsi alivyoikunja, jinsi ilivyokuwa kali. Kadiri msumeno ulivyozama ndivyo alivyozidi kueleza. Getruda akauchukua tena kwa upande wa mwisho. Ilipobaki nyama kidogo tu ya chuma, akasimama.

"Baba Maua. Kabla sijamaliza, niambie mimi mkeo. Humu ndani kuna nini?"

"Springi," akasema Wenceslaus. "Haki ya Mungu, springi. Nimeibuni mwenyewe."

Funzo nitaliweka hapa, kabla kifuniko hakijaanguka, kwa sababu kikishaanguka hakuna atakayenisikiliza.

FUNZO

Wenye ujuzi, msiufungie mlango. Kazi ya mikono yako ikifunguliwa mbele ya wenzako utaona haya kwa alasiri moja, utatukanwa, utarudi nyumbani umenuna. Lakini kosa lako litakuwa limeonekana na macho mengi lingali dogo. Ukilichomelea ndani ili uitwe mkubwa, litakua humo gizani, na siku litakapotoka halitachagua mtoto wa nani.

Nanyi wake, na waume, na ndugu wa watu kama hao: kumpenda mtu si kukalia kifuniko chake. Getruda anawaambia hivyo mwenyewe, akiulizwa.

Na sisi wengine tulionyamaza, mwenyekiti na viatu vyake, na mimi hodari wa pampu, tusijifiche nyuma ya nyumba ile moja. Kitu ambacho kijiji kizima kinakinywea, kijiji kizima kina haki ya kukifungua. Tungeidai haki hiyo siku ya makofi.

Haya. Sasa kifuniko.

Getruda alivuta msumeno, kifuniko kikaanguka juu ya zege. Hakuna kilichofyatuka. Tuliinama wote tukatazama. Ndani palikuwa na ulimi, mwekundu, wenye mshono wa maua pembeni.

"Mkoba wangu," alisema Tufaha taratibu. Hakuna aliyecheka.

Luhende aliingiza vidole akautoa. Ngozi ilikuwa imekauka na kujikunja kama jani la tumbaku. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Umeuweka kinyume," akasema. "Upande laini umeutazamisha chini, ndiyo maana ulipokauka ukajikunja. Jumamosi moja tu, Wenceslaus. Jumamosi moja tungekuona."

Alikata mwingine kutoka kwenye mkanda wake mwenyewe, akauweka. Muda wa kuchemsha chai haukupita, maji yakatoka. Yalimwagika chini, hakuna aliyekinga ndoo. Wote tulikuwa tunamtazama Getruda, ambaye alikuwa ameushika ule ulimi mwekundu mbele ya uso wa mumewe.

"Springi iko wapi, Baba Maua?"

Wenceslaus alitazama ndani ya pampu kana kwamba na yeye anaitafuta. Akatazama watu. Akalamba midomo.

"Ilikuwamo," alisema. "Mtu amekuja ameiiba."

Getruda aliinama akaokota kifuniko, kile alichokikata sasa hivi kwa mikono yake inayotoka damu, akakigeuza pole pole mbele yetu ili kila mtu aone vizuri mstari wa kuchomelea ulivyokuwa umezunguka pande zote, bila pengo.