Kushoto, Merv, Kushoto!

"Kushoto, Merv! Kushoto! Kushotooo!"

Coralie alikuwa amesimama nyuma ya karavani, redio ya mkononi kaibana mdomoni, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Mumewe, ndani ya Land Cruiser, alimsikia vizuri kabisa. Lakini karavani iliendelea kurudi nyuma kule kule, ikapanda nyasi, ikagonga bomba la maji. Paa! Maji yakaruka juu kama yamelipwa.

Kambi nzima ilikuwa imetoa viti nje kutazama. Karumba, pwani ya kaskazini yenye joto, ndivyo ilivyo. Wastaafu wanatoka kusini kukimbia baridi, wanavua samaki, na mtu mpya akiingia na karavani kila mmoja anachukua bia yake na kukaa kuangalia ndoa ya mwenzake ikijaribiwa kwa rivasi.

"Merv!" aliita Norm, jirani mwenye kitambi. "Kama ulikuwa na kiu ungesema tu, bwana, tungekupa bia!"

Watu wakacheka. Merv akashuka, uso mwekundu.

"Coralie, wewe unaelekeza nini hapo? Unapunga mikono kama unafukuza nzi!"

"Nimesema kushoto."

"Ungesema mapema!"

"Nimesema mpaka mbwa wa Norm amegeuka kushoto. Wewe tu ndiye hukugeuka. Nipe usukani niiingize mwenyewe."

"Wewe?"

"Nimekulia shambani Bungaree, nikirudisha nyuma tela la viazi la baba kabla wewe hujaota ndevu."

"Viazi si karavani," alisema Merv, kama alivyosema miaka yote ya ndoa yao, akarudi kwenye gari na kufunga mlango kwa nguvu.

*

Walipokuwa ndani, meneja wa kambi akiwa ameshafunga maji, Merv alikaa kwenye benchi, akaanza wimbo ule ule aliokuwa anauimba tangu Mount Isa.

"Ndiyo maana nasema tuachane na hili dude la kuvuta. Tuchukue gari-nyumba. Injini na kitanda kitu kimoja, kamera kila upande. Hakuna kuunganisha, hakuna kupigiana kelele mbele za watu."

"Na gari langu?"

"Gari gani lako?"

"Hilo linalovuta. Tukifika mahali, karavani tunaiacha hapo, mimi nachukua gari naenda zangu. Dukani, kuogelea, kwa watu. Kwenye gari-nyumba, nikitaka mkate tu nikunje kitanda, nifunge kabati, nimwage maji ya vyombo, halafu nikubebe na wewe na soksi zako mpaka dukani!"

"Tutakununulia baiskeli."

"Baiskeli? Karumba hii yenye mamba? Merv, unataka kunistaafisha au kunifanya chakula cha mamba?"

"Usifanye mambo kuwa makubwa, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Nyumba ya Ballarat tuliuza kwa sababu wewe ulitaka. Nikakubali. Mbwa tukamwachia Tamsin. Nikakubali. Kitu pekee kilichobaki ambacho naweza kufungua mlango nikaondoka bila kumwomba mtu ruhusa ni hilo gari. Hilo sikubali."

Merv akanyanyuka, akachukua taulo. "Naenda kuoga. Wewe huambiliki."

Simu yake ilibaki mezani. Bafu la kambi lilikuwa mbali, na Coralie hakuwa mwanamke wa kupekua simu za watu, ila simu yenyewe ililia na kuwaka mbele ya macho yake.

*Merv, kesho saa nne usikose. Nitachemsha kahawa. Na Coralie asijue kwanza, sawa? Ailsa.*

Coralie alisoma. Akasoma tena. Ailsa! Mjane yule mwenye nywele za fedha zilizokatwa vizuri, aliyekutana nao Winton, ambaye kila kituo wanachosimama naye yupo. Anaishi ndani ya gari-nyumba jeupe, mwisho wa mstari wao.

Gari-nyumba. Ohoo. Kumbe.

Akatoka nje, akampigia binti yake.

"Tamsin, baba yako ana mwanamke."

"Mama! Baba? Baba yangu huyu anayelala na kofia?"

"Huyo huyo. Kesho anaenda kunywa kahawa kwake na mimi sitakiwi kujua."

"Muulize kwanza, mama."

"Sitamuuliza. Mimi sijawahi kuulizwa kitu na mtu yeyote katika ndoa hii, naye leo haulizwi."

*

Asubuhi Merv alivaa shati lililopigwa pasi.

"Naenda kuvua," alisema.

"Na shati hilo?"

"Samaki hawajali shati."

"Na fimbo ya kuvulia iko wapi?"

Merv akaangalia mikono yake mitupu. "Norm ana ya ziada," akasema, akaondoka haraka, redio yake ikining'inia kiunoni kama kawaida.

Coralie alimtazama akiipita karavani ya Norm bila hata kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja mpaka gari jeupe. Mlango ukafunguliwa. Merv akaingia. Halafu gari-nyumba likawaka na kutoka taratibu, Merv mwenyewe akiwa kwenye usukani.

Coralie akaingia ndani ya Land Cruiser. Atawafuata, liwalo na liwe. Akawasha. Redio ya mawasiliano ya gari ikakoroma, halafu ikatoka sauti ya mwanamke, wazi kabisa.

"Kaza mkanda, Merv. Vizuri. Sasa unaonaje?"

Coralie akaachia gia. Mkanda wa kiti ulikuwa umebana redio ya Merv kiunoni, umekandamiza kitufe mpaka kikanasa. Alikuwa hewani bila kujua, na yeyote ambaye angejaribu kumwambia asingesikika. Kitufe kikishabanwa, wewe unasikika tu, husikii mtu.

Na kambi nzima hutumia chaneli moja.

"Tamu," sauti ya Merv ikasema. "Laini sana. Nimekutamani tangu Winton."

"Unaliambia gari au unaniambia mimi?" Ailsa akacheka.

"Gari, mama, gari. Wewe unanitisha."

Nje, redio ya Norm iliyoning'inia kwenye turubai ilikuwa inasema maneno yale yale. Viti vikaanza kutolewa. Mtu akapunguza moto wa soseji asikie vizuri.

"Kwa hiyo unalichukua?" Ailsa akauliza.

"Nalichukua. Kuna jamaa wa Normanton anakuja Ijumaa kubeba Land Cruiser na karavani. Tumeshapeana mikono."

"Na Coralie amesemaje?"

"Ataambiwa mambo yakishakwisha. Atanuna wiki mbili, halafu atazoea."

"Heee!" wakaguna wanawake wa kambi kwa pamoja. Norm akamwangalia Coralie kupitia kioo cha gari, akaondoa macho haraka.

"Merv," sauti ya Ailsa ilibadilika, "mimi nilidhani ni zawadi. Nilidhani unataka kumshangaza mkeo, ndiyo maana nikanyamaza. Kumbe unamuuzia gari lake nyuma ya mgongo? Huo ni ushenzi, tena wewe... Simama! Merv, simama! Nguzo!"

Breki zikalia. Kikombe kikavunjika mahali.

"Nguzo ya kushoto ile," Ailsa alisema polepole. "Nene kama pipa. Hukuiona?"

Breki ya mkono ikavutwa.

"Merv. Hukuiona?"

"Sikuiona."

"Tangu lini?"

"Daktari wa Mount Isa anasema jicho la kushoto linakufa. Mishipa inavuja ndani. Alitaka niende hospitali ya Cairns wanichome sindano ya jicho. Nikasema nitaenda." Akavuta pumzi. "Kabla ya Normanton, siku ile karavani iliyumba ikataka kutulaza, nilimwambia Coralie ni upepo wa lile lori refu. Hapakuwa na upepo. Nilisogea kushoto kulipisha na sikuona lami imeishia wapi."

"Mungu wangu. Mwambie mkeo!"

"Nimwambie nini? Mimi sijui kupika, Ailsa. Sijui maneno matamu. Miaka yote hii kitu kimoja tu nimempa yule mwanamke: akitaka kufika mahali, namfikisha. Nikimwambia sioni, mimi ni nani tena? Hili lina kamera. Kamera zingenifichia."

Coralie alikuwa amekaa, mikono yote miwili kwenye usukani. Chozi lilimtoka, akalifuta kwa hasira. Siku ile ya lori alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Alikumbuka yai lilivyoruka. Alikumbuka alivyompapasa Merv mgongoni baadaye na kumsifu. *Umetuokoa, mzee.*

Kumbe alimsifu aliyetaka kumzika.

*

Gari-nyumba liliporudi, Ailsa akiwa kwenye usukani, Merv alishuka na kuikuta kambi yote imekaa kwa nusu duara, hakuna anayekunywa. Redio zote zilikuwa zinakoroma pumzi yake mwenyewe.

"Merv," Norm alisema kwa upole ambao hakuna aliyeuzoea, "angalia kiuno chako, bwana."

Merv akaangalia. Akakinasua kitufe. Akawa mweupe.

Coralie alikuwa amesimama mbele yake.

"Coralie, nisikilize..."

"Nimekusikiliza. Wote tumekusikiliza. Hata muuza barafu amekusikiliza!"

"Sikutaka uwe na wasiwasi."

"Wasiwasi? Ulitaka kuniua, Merv! Kutoka Mount Isa mpaka hapa nimekaa kushoto kwako. Kushoto! Upande usiouona! Na hukuniuliza kama nataka kufa ili wewe uendelee kuitwa dereva!"

"Ningekuwa mwangalifu..."

"Mwangalifu kwa jicho gani?"

Mwanaume yule mkubwa akaonekana mdogo ghafla ndani ya shati lake la pasi.

"Coralie, nisamehe kwa kukuficha," Ailsa alisema kutoka mlangoni mwa gari lake. "Sikujua."

"Wewe nitakuja kunywa kahawa yako, tuongee vizuri. Jana nilikuwa nimekupangia mabaya." Akamgeukia mumewe, akanyoosha kiganja. "Ufunguo wa akiba."

"Coralie..."

"Ufunguo! Na sasa hivi, mbele yangu, mpigie jamaa wa Normanton."

Merv akatoa simu. Kila mtu akasikia. "Ndiyo, mimi Merv. Karavani haiuzwi. Hapana, hata gari. Kwa nini? Kwa sababu si langu peke yangu, ndugu yangu." Akakata, akamwekea mkewe ufunguo mkononi.

"Tutafanya nini sasa?" akauliza kwa sauti ndogo. "Tunabadilisha au hatubadilishi?"

"Tunabadilisha dereva. Jumatatu tunaanza safari ya Cairns, unachomwa sindano, na mimi ndiye nitakayevuta."

"Umbali wote ule na karavani hujawahi..."

"Sema viazi," Coralie alisema. "Thubutu useme viazi."

Merv akarudisha simu mfukoni.

Meneja akaja akikuna kichwa. Fundi bomba alikuwa amefika, na karavani ilikuwa imekaa juu ya pale pa kuchimba. Ingebidi ihamie nafasi ya jirani.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Viti vikageuzwa. Wakaunganisha, Merv akiinama kukaza mnyororo, Coralie akisogeza kiti cha dereva mbele mpaka magoti yake yakakaa sawa. Akaivuta karavani nje, akasimama, akatazama kwenye saitimira. Kule nyuma Merv alikuwa amesimama na redio, kichwa amekigeuza kabisa ili jicho zima lielekee kwake.

"Njoo," redio ikasema. "Polepole. Kushoto kidogo."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwako."

Akazungusha usukani kulia, kama baba yake alivyomfundisha, na mkia wa karavani ukaenda kushoto kwa adabu, ukaingia kati ya mti na bomba, ukanyooka. Akakanyaga breki mara moja tu.

Kambi ikalipuka kwa makofi. Norm akainua bia, "Viazi oyee!"

Coralie hakucheka. Alikaa ndani ya gari, bado ana hasira kiasi cha kuuma usukani. Redio ikakoroma. Safari hii Merv alikuwa amebonyeza kitufe mwenyewe, kidole juu yake, watu wote wakimwona.

"Coralie. Nilipaswa kukuuliza. Kuhusu gari, nyumba, hata mbwa. Jicho nilipaswa kukwambia siku ile ile. Niliogopa. Nakupenda, na hilo nalo sikuwahi kulisema vizuri."

Mtu akazima kabisa moto wa soseji.

Coralie akachukua redio ya gari.

"Bado nimekasirika, Merv."

"Najua."

"Nitakasirika mpaka Cairns."

"Sawa."

"Na utakaa kushoto."

"Nitakaa kushoto."

Akamtazama kwenye kioo, mzee wake, amesimama juani anasubiri aelekezwe.

"Basi rudia ile ya mwisho," alisema. "Norm hakusikia."