Mikahawa Iliyokatwa kwa Mama Ndelilio

Mama Ndelilio, mjane, aliikuta Jumanne asubuhi. Mikahawa yake yote ya chotara, ile isiyoozeshwa matunda na ugonjwa wa chulebuni, ilikuwa imekatwa chini kabisa na kulazwa kihambani, shambani pale nyumbani. Mwaka huo ndio ingevunwa mara ya kwanza. Kufikia saa nne kibarua wake Kitundu, mtu wa Singida, alikuwa mahabusu akisubiri kupelekwa mahakamani kesho yake, kwa kuwa kila mtu alijua wamegombana.

Koplo Nsia hakupenda kesi inayoiva haraka hivyo.

"Mligombania nini?" alimuuliza Kitundu mahabusu.

"Masale, afande. Nilikata majani ya pale mpakani nifungie nyasi. Mama akanitukana mbele za watu, eti nimegusa mpaka wa marehemu mumewe. Mimi ningejuaje? Kwetu jani ni jani."

"Na panga lako lina utomvu."

"Nakata migomba kutwa nzima! Ungelikuta kavu ndiyo ungeshangaa."

Koplo akaenda kihambani. Kwenye mpaka wa Mama Ndelilio na shemeji yake, Mzee Anaeli, isale moja, mmea wa mpaka ambao wenyeji huuheshimu na hawaung'oi, lilikuwa na udongo mbichi shinani, umeshindiliwa kwa kisigino. Mkataji alipita hapo, akaliangusha, kisha akapoteza muda kulisimamisha. Kitundu asingelitazama mara mbili.

Akamchukua Mama Ndelilio wakaenda kwa mzee. Walimkuta barazani anafuta pampu yake ya kunyunyizia dawa, ingawa msimu mzima haikuwa imetoka nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshamfunga yule Mnyiramba?"

"Bado nakusanya vidhibiti. Nimekuja kukuarifu tu: lile isale la mpakani nakwenda kuling'oa, nilipeleke kituoni."

Mzee akainuka ghafla. "Una wazimu? Isale linang'olewa? Nimelirudisha palepale lilipokuwa, liache!"

"Shemeji," alisema Mama Ndelilio, "kumbe ni wewe?"

Mzee akaketi. "Tangu ujana wangu, chulebuni ikiingia, kijiji kizima kinaniita. Anaeli, njoo unyunyize! Kila nyumba nawekewa pombe ya mbege. Mmeleta chotara yenu, mwaka huu nani kaniita? Hata wewe, nyumba ya mdogo wangu!"

"Si ungesema tu, ningekuita."

"Ungeniita ninyunyize nini?"

Mama Ndelilio akaitazama ile pampu. Alikuwa na hasira naye, na alimwonea huruma, vyote kwa pamoja.

"Na Kitundu je?" akauliza koplo.

"Yule si wa hapa. Nilijua ataondoka, mambo yaishe."

Hilo lilimchoma Koplo Nsia kuliko kukatwa kwa ile mikahawa.

Jioni mahabusu ikafunguliwa. Kitundu alitoka akifunga mkanda wake, akakutana mlangoni na mzee akivuliwa wa kwake. Kwa mazoea akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Mzee Anaeli alifungua mdomo, lakini marahaba haikutoka.