Sare ya Mtoto wa Fundi Kesho

Harufu ya chaki iliwafikia wakiwa kwenye ngazi za ikulu ya zamani, na Fundi Kesho akageuka kutazama nani anawafuata. Hakukuwa na mtu. Wageni wenzao walikuwa wametangulia na mtembezaji wao, dada mwenye sauti iliyochoka kueleza yale yale kila siku, na mkewe alikuwa amesimama mbele ya picha ya mtawala mmoja mwenye masharubu, mkoba ameubana kwapani.

Jina la Fundi Kesho alipewa na wateja. Alikuwa fundi wa kufuli mwenye mikono ya dhahabu, lakini mdomo wake ulijua neno moja tu. Funguo zangu vipi? Kesho. Kitasa cha stoo? Kesho bila kukosa. Wateja walicheka, wakarudi. Mtoto wake wa pekee naye alimuuliza kila jioni, tutakwenda lini mji mkuu, baba, tukaone ikulu na lifti ya kioo, na akajibiwa kama mteja. Alijibiwa hivyo hata jioni ile alipokuwa kitandani, kifua kimembana, homa inamtetemesha. Kulipopambazuka hakukuwa na mtoto wa kupelekwa popote.

Tangu hapo mume na mke hawakujua waitane nini. Walikuwa wamezoea kuitana kwa jina la mtoto, baba fulani, mama fulani, na alipoondoka aliondoka na majina yao. Mke alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kila shule zilipofunguliwa aliitoa sare ya mwanawe, akairekebisha kwa kimo ambacho angekuwa amefikia, pindo la suruali akalishusha, mikono ya shati akairefusha, kisha akaitundika nyuma ya mlango. Fundi alivumilia mpaka akashindwa. Safari hii aliipanga yeye, kwa makubaliano kwamba wakirudi sare itapewa mtoto mwingine na wao wataanza upya. Mkewe alikubali upesi mno. Hakumwambia kwamba sare ilikuwa ndani ya mkoba.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha watoto wa mtawala. Kilikuwa na kitanda kidogo, farasi wa mbao, na kamba nyekundu ya kuwazuia wageni. Hapo mtembezaji alieleza kwa haraka, akasema chumba hiki hakipendi kuachiwa vitu, tafadhali kila mtu ashike chake, akawatoa. Fundi alikuwa ameshafika chini aliposikia kwamba hatua za mkewe hazipo. Akarudi.

Alimkuta amevuka kamba. Sare ilikuwa imelazwa kitandani, shati juu, suruali chini, naye akiinyoosha kola kwa kiganja.

"Nimemleta," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe si ulimwahidi?"

"Kunja hiyo nguo, mke wangu. Twende."

"Mwambie mwenyewe basi kwamba twende."

Fundi akainama aichukue, na harufu ya chaki ikamjaa puani, safari hii imechanganyika na harufu ya nywele za mtoto aliyenyeshewa na mvua, na kabla vidole vyake havijagusa kitambaa aliona kifua cha shati kikipanda, polepole, kikashuka, kikapanda tena, kisha mikono ya shati ikajaa kuanzia begani hadi kwenye vifungo vya mkono, na suruali ikakunja magoti na kukaa ukingoni mwa kitanda, na juu ya kola ile aliyonyooshewa vizuri na mama hapakuwa na shingo wala kichwa, palikuwa na ukuta mtupu wa chumba.

Mkewe alikuwa ameshaushika mkono wa shati, akitabasamu kama hajawahi kufiwa.

Getini mtembezaji aliwaona wakitoka, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Alimvuta Fundi kando.

"Mzee, hicho si mtoto," alinong'ona. "Ni jini la chumba kile, na halina nguvu mpaka lipewe neno. Likikuuliza chochote, usiliahidi kitu. Liambie hatuji tena. Litaiacha nguo hapo hapo."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Hatuji tena. Hata mtoto mdogo angeweza kusema.

Walizunguka mji mchana kutwa. Barabarani hakuna aliyeshangaa, maana nani anamtazama mwanafunzi mara mbili? Ukiwa mbali ulimwona mtoto kamili, na ukiwa karibu ulikuwa huna nafasi ya kutazama. Ni Fundi peke yake aliyeona, ndani ya lifti ya kioo, sare ikipanda juu ya mji pamoja nao bila kichwa, na mkewe akiielekeza hili soko, lile bunge, ile stesheni. Kisha mke akageuka, akamwita Baba, akataja na jina lenyewe la mtoto. Muda mrefu Fundi alikuwa na kiu ya kuitwa hivyo. Alijichukia kwa jinsi moyo wake ulivyoruka.

Jioni kwenye basi la kurudi kile kitu kilikaa katikati yao. Fundi alikuwa ameyashika maneno yake tayari, akiyarudia kimoyomoyo kila basi liliposimama, hatuji tena, hatuji tena, na miguu ilimuuma, na usingizi ulianza kumchukua, na harufu ya chaki ilikuwa ndiyo ile ya jioni zote za zamani alipofunga karakana akarudi nyumbani, na sauti ilipotoka ndani ya kola ilikuwa ile ile, pamoja na katetemo kake ka mwisho, ikiuliza tutakuja tena lini, baba.

"Kesho," akajibu, kama alivyojibu maisha yake yote.

Alizinduka hapo hapo. Alishachelewa.

Kulipopambazuka, harufu ya chaki ilikuwa mlangoni. Sare ilikuwa imesimama wima, mkewe kando yake ameshavaa viatu. Mwanawe akiambiwa kesho alinuna kidogo, akaenda kucheza. Huyu alisimama pale, akangoja.

Sasa karakana imefungwa, na wateja wamempata fundi mwingine. Kila siku wanapanda basi lile lile, wanapanda lifti ile ile, na kila jioni kile kitu kinauliza. Mtoto aliyemzaa alimwomba siku moja tu, akaikosa. Kilichovaa nguo zake kinazipata zote. Mke amenenepa na anaimba. Juzi alilishusha tena pindo la suruali, kwa sababu ilikuwa imeanza kuwa fupi.

Jana Fundi aliamua kwamba imetosha. Alingoja swali, na lilipokuja alikaa sawasawa, akafungua mdomo ayaseme yale maneno mawili. Kabla hayajatoka, kitu cha baridi kikaegemea begani pake, mahali ambapo kichwa cha mtoto kingefika.

"Mwenye nguo hizi aliniambia," kikasema taratibu. "Alisema hutaki kuja naye."

Mkewe akamtazama usoni, akingoja kusikia atasema nini. Fundi alilia bila kujificha, mpaka abiria wa mbele wakageuka. Kisha akalishika lile shati mkononi.

"Kesho, mwanangu," alisema. "Tutakuja kesho."