Kigego Aliyepewa Jina

Apa kwanza. Weka hilo sinia chini, mchele hautakimbia, nitazame machoni useme: neno hili likinitoka nje ya jiko hili, makande yanikwame kooni. Umesema? Sema kwa sauti bwana, Mungu siyo kiziwi ila mimi masikio yamechoka! Hahaa! Haya. Kaa sasa.

Unamjua Ernesta, mke wa Wilbard mwenye banda la video pale Hedaru, nyuma ya soko? Yule mpole, anayecheka huku kaziba mdomo kwa kanga. Basi ni huyo.

Na Wilbard si unamjua, filamu anazitafsiri mwenyewe. Anajifungia stoo, katundika magodoro ukutani, anashika maiki. Mzungu akisema neno moja, yeye anasema kumi. Jambazi anakuwa mtu wa Mhezi hapo milimani, polisi anafoka Kipare, watu wanacheka mpaka wanadondoka kwenye mabenchi.

Ndiyo ikaja ile filamu ya mtu wa majivu. Ilitoka kwenye vitabu vya katuni, wanasema. Mtu alitupwa na watu wake akiwa mchanga, akakulia kwenye mitaro, akajipaka uso majivu, akarudi kuuchoma mji. Na walivyoitengeneza sasa! Unajikuta unamlilia yeye, wale anaowachoma huwakumbuki hata kidogo.

Kabla haijafika Hedaru, ugomvi wake ulishafika. Redioni wanabishana. Kwenye simu wanatumiana. Jumapili mchungaji akapiga mimbari kofi, kwamba filamu hii inawafundisha watoto kumwonea shetani huruma. Kesho yake Jabiri wa bodaboda akamkamata sokoni.

"Shikamoo mchungaji. Hivi hiyo filamu umeiona?"

"Sijaiona, na siioni!"

"Sasa umejuaje ni mbaya?"

"Jabiri, shetani simjui kwa kunywa naye chai!"

Hahaa! Soko zima likacheka. Lakini wazazi hawakucheka. Wengine wakataka banda lifungwe kabisa, vijana wakasema likifungwa wataandamana mpaka Same. Mpaka mtendaji akaitisha kikao. Walibishana jua likahama ukuta mmoja kwenda mwingine, mwisho mtendaji akasema:

"Wilbard, onyesha. Ila kwenye tafsiri yako utuambie wazi huyu mtu ni mwovu tangu tumboni. Asionewe huruma."

"Hilo dogo, mheshimiwa."

Dogo! Ona sasa.

Wilbard akaingia stoo, akawaza: kwetu Upareni, nani mwovu tangu tumboni? Kigego. Mtoto aliyetanguliza meno ya juu. Zamani hizo, siyo leo, leo tuna kliniki, walisema mtoto wa namna hiyo atamaliza ukoo. Wanampandisha mwambani huko juu Gonja, wanamwacha huko. Halii mtu. Na jina hapewi, kwa sababu asiye na jina hana wa kumwita, na asiyeitwa harudi.

Wilbard akashika maiki, akafanya sauti nzito: "Mimi ni kigego. Wazee walinitupa mwambani. Jina langu Mbonea."

Ernesta alikuwa nje anaosha sufuria. Mkono ukasimama ndani ya maji. Mbonea ni jina la mwanawe. Miezi saba, kifungua mimba, karithi jina la babu yake na Wilbard kama ilivyo desturi. Kinywani hata jino moja hakuwa nalo.

"Wilbard! Umempa yule jina la mtoto?"

"Ndilo lililonijia mdomoni, mama Mbonea. Filamu tu hiyo. Ukimwita mbuzi Yohana, mtume anaumwa?"

Ernesta akacheka. Akaziba mdomo. Lakini sufuria ile, aliniambia mwenye kuniambia, aliiosha mara tatu.

Jumamosi mchana, banda likajaa. Nje jua la Hedaru linachoma mpaka mbwa wanainua miguu. Ndani blanketi madirishani, giza. Ernesta kasimama nyuma, mtoto mgongoni. Ikafika pale. "Jina langu Mbonea."

Mtoto akaitika.

Hakulia. Aliitika. "Ee." Kama mtu mzima aliyeitwa na mkwewe.

Waliokuwa karibu wakacheka, wakampapasa shavu. Ernesta naye akacheka. Usiniulize alichekaje.

Jumapili baada ya ibada wakaonyesha tena. Kuna mahali yule mtu wa majivu kakaa mtaroni kanyamaza, mdomo kaufunga. Hapo Wilbard hakuwa ameweka neno. Ernesta anajua, alishaiona. Ila spika zikakwaruza. Sauti ikatoka. Sauti ya Wilbard, lakini polepole, kama ya mtu anayejifunza kutafuna.

"Mama. Mbona unambeba yeye tu?"

Banda likalipuka kwa vicheko. Ernesta akageuka. Wilbard alikuwa amesimama pale pale pembeni yake, mahindi ya kuchoma mdomoni, mashavu yamejaa. Hindi likamdondoka.

"Hiyo," akanong'ona, "sikuisema mimi."

Akazima. Vijana wakazomea, wakarusha maganda. Yeye akafunga mlango.

Kuanzia hapo mtoto akakataa ziwa. Ukimwita Mbonea, hageuki. Anatazama nyuma ya bega la mama yake. Pale pale tu. Kama kuna mtu wanaangaliana.

Jumatatu saa sita mchana, Ernesta alikuwa anafagia banda. Televisheni imezimwa. Mlango wazi. Mtoto kampa Blandina amshikie, yule muuza vitumbua anayekaa hapo mlangoni. Mbeleko kaifunga vile vile kifuani, mazoea ya mama, haina mtu.

Anafagia. Anasogeza benchi. Anafagia.

Mgongo ukapata joto.

Kisha uzito. Kisha miguu midogo ikamkumbata kiunoni, mmoja huku, mmoja huku. Ernesta, maskini, hata hakuwaza. Akapeleka mkono nyuma, akapigapiga. "Lala baba, lala."

Ndipo akainua macho.

Mlangoni Blandina kasimama. Mtoto kampakata kifuani. Anaitazama mbeleko. Kanga ile imetuna. Imejaa. Inapumua.

"Ernesta," Blandina akanong'ona. "Usigeuke."

Blandina akamwita Wilbard, akaja mbio, akaona. Kitu pekee kilichomjia ni kumpigia simu bibi yake, huyo Raheli anayekaa Gonja. Akaweka simu sauti ya juu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Akamweleza. Yote. Kule upande wa pili kuku wa Gonja wanalia.

"Jina gani ulimpa?"

"Mbonea, bibi."

"Wilbard. Babu yako alikuwa na kaka. Alitanguliza meno ya juu. Wakampeleka. Mpaka leo yuko mwambani, hana jina. Sasa umempa la mdogo wake, na mwanao analo hilo hilo. Jina moja hawalibebi wawili. Mmoja ataliacha. Na kigego ameshalisubiri miaka mingi mno."

"Tufanyeje bibi? Tumwite mchungaji? Tumfukuze?"

"Alishafukuzwa!" Bibi akafoka. "Mtamfukuza mara ngapi?"

Blandina akalia. "Ernesta, mtoto anapoa. Vidole vinapoa."

Uzito mgongoni ukaongezeka. Goti moja la Ernesta likagusa chini. Angeweza kuifungua mbeleko ile aitupe, fundo liko pale kifuani, kuvuta tu. Alilishika. Wilbard anamwambia, vuta, vuta mama Mbonea, mtupe!

Mtupe.

Ernesta akaliachia fundo. Akasimama, Mungu anajua kwa nguvu zipi. Akaanza kutembea. Kati ya mabenchi, huko na huko, akimbembeleza, vile vile unavyombembeleza wako akiwa na homa. Kikao chote kile kilisema asionewe huruma. Yeye akamwonea.

"Mbonea ni wewe," akasema taratibu. "Jina lako hilo, lichukue. Wangu nitamtafutia lingine. Umebebwa sasa. Umebebwa, baba. Lala."

Mzunguko mmoja. Wa pili. Wa tatu.

Kitu kikamlalia begani, kizito, kama kichwa cha mtoto kinapodondoka usingizini. Akahisi kubanwa kidogo karibu na shingo. Kisha mbeleko ikanywea.

Hapo hapo mtoto aliyekuwa kwa Blandina akapasua kilio, kile cha njaa, soko zima likasikia. Akanyonya mpaka akapaliwa. Siku hizi anaitwa Kaleb, na ukimwita anageuka.

Filamu Wilbard aliifuta. Mchungaji anasema ni maombi yake, Jabiri anasema mtendaji ndiye kamtisha, na bado wanagombana, wala hawajui wanagombania nini! Hahaa!

Ila sikia. Ernesta ana alama chini ya shingo, kwa nyuma. Vitundu viwili vidogo, vimekaa jirani. Meno mawili ya juu. Ya chini hayapo. Na Kaleb siku ile alikuwa kibogoyo mtupu. Vile vitundu haviumi, havizibi, na kila asubuhi vinakuwa na unyevu, kama mate.

Nimeyajuaje? Blandina kaniambia, huyo huyo muuza vitumbua. Maana Ernesta mkono wake haufiki pale. Blandina ndiye anayemfuta.