Shavu la Bibi Fundi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Sindano alikuwa na kazi moja iliyomfanya atamani angezaliwa bila pua: kumwaga kopo la mate la bibi yake. Jina la Sindano alilipata kwa wembamba wake. Bibi yake alikuwa fundi cherehani, akishona barazani mchana kutwa, shavu limevimba kwa tumbaku ya kutafuna. Alitafuna, akatema. Pyuu! Kufikia jioni kopo lilijaa uji wa rangi ya kutu, mzito, unaovutika kama ute wa konokono. Usiku uji huo ulichacha. Asubuhi nzi wawili watatu walikuwa wamezama humo, na hawakufa kwa raha.

"Mke mwenzangu, mbona umekunja uso kama nguo isiyopigwa pasi?" bibi alimtania.

"Bibi, linanuka!"

"Linanuka kwa sababu unalinusa."

Siku moja chai ilimchoma bibi mdomoni, akamwita mjukuu amtazame. Akaachama. Sindano akaziba pua. Ndani ya shavu, pale pale tumbaku ilipozoea kulala, palikuwa na kidonda cheupe chenye kingo nyekundu, kikitoa harufu ya nyama iliyosahauliwa juani.

"Bibi, kimeoza! Namwambia mama."

"Thubutu! Mama yako atanikokota hospitalini kama mbuzi. Ni jino tu linakwaruza. Wewe nyamaza, nami nitakufundisha cherehani."

Sindano alikuwa akiililia cherehani hiyo tangu akiwa mdogo. Akanyamaza. Akajua kupiga mshono ulionyooka, lakini kila alipokanyaga pedali alikiona kile kidonda. Wiki zikapita. Bibi akawa hali ila uji, na mate yakaanza kuchanganyika na usaha. Asubuhi moja alipoona damu ndani ya kopo, Sindano alilibwaga chini, akakimbilia jikoni.

"Mama! Shavu la bibi linaoza, na mimi nilijua!"

Bibi alinuna njia nzima. Hospitalini, daktari, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo, alikata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yalipotoka aliwaita wote watatu. Ilikuwa saratani, ila ilikuwa haijasambaa.

"Nani kaniingizia mdudu huyo?" bibi akauliza.

"Si mdudu, bibi. Ni chembe za mwili wako mwenyewe. Kila chembe ina maelekezo ndani yake, tunayaita jeni. Jeni nyingine kazi yake ni kuiambia chembe: basi, acha kugawanyika. Sumu ya tumbaku inaweza kuchana jeni. Pia inaweza kufanya jeni zibandikwe vialama vidogo vidogo. Hapo jeni haijachanika wala haijapotea, ila haisomeki. Ni kama karatasi yako ya vipimo ikikunjwa na kubanwa pini. Vipimo vimo, lakini fundi havioni."

Bibi akashika shavu. "Kwa hiyo humu mna fundi anayeshona tu, hana wa kumwambia basi?"

"Hasa. Na anachoshona ni uozo."

Bibi akakubali kupasuliwa.

Walimpasua wiki ile ile, kisha akapata matibabu kwa miezi kadhaa. Alipona, ingawa mdomo ulibaki umeenda upande. Tumbaku hakuigusa tena; hata harufu yake ilimtia kichefuchefu.

"Nisamehe, bibi," Sindano alisema. "Ningesema mapema wasingekukata sana."

"Wewe huna kosa, mke mwenzangu. Tumbaku ilizinyamazisha jeni zangu, nami nikakunyamazisha wewe. Wote wa kusema 'basi' tukawaziba midomo, uozo ukapata nafasi." Akamvuta karibu. "Sasa sikia, ukawaambie na wenzako. Kidonda kisichopona, hata kama kinatia kinyaa namna gani, hakifichwi; huonyeshwa daktari. Na mtu mzima akikwambia 'usimwambie mama', hata akiwa mimi bibi yako, usimalize hata kumsikiliza. Nenda ukamwambie."